Naomba ushauri: yakuti samawi za Tunduru, niziuze ghafi au zichomwe kwanza?

Ndugu zangu, tunachimba kwa leseni ndogo wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, ambako yakuti samawi (vito vya safaya) hupatikana katika changarawe za mito, na mawe mazuri aghalabu huwa chini kabisa, karibu na mwamba, kwa kuwa ni mazito kuliko mchanga unaoyafunika. Spineli na ganeti, vito vya aina nyingine vinavyochanganyika nazo, tunajua kuzitenga. Kinachonisumbua ni mawe ya buluu iliyofifia, yenye ukungu kama wa maziwa ndani yake. Nafahamu kwamba ukungu huo mara nyingi ni nyuzi laini za rutili (madini mengine yaliyonaswa ndani ya jiwe), na kwamba joto linalozidi sentigredi 1,500 huweza kuziyeyusha na kukoleza rangi. Lakini jiwe lenye ufa linaweza kupasuka tanuruni, na lililochomwa ni haki mnunuzi aelezwe. Mnunuzi mmoja anashikilia kuwa mawe haya hayana thamani, ila anayataka yote kwa mkupuo, jambo linalonitia shaka sana. Je, niyapeleke ghafi kwenye soko la madini, au nimtafute mtaalamu ayachome machache kwanza? Aliyewahi kuchomesha anieleze pia makubaliano huandikwaje, ili mawe yaliyokwenda ndiyo yarudi.