Hausi au gareji: EP ipi nianze nayo kwa sherehe za huku Kigoma?

Fundi_Gungu
Wakuu habari za jioni. Kuna lebo moja ndogo ya muziki ya Uingereza naifuatilia, wametoa EP mbili (zile albamu fupi za nyimbo chache) kwa mpigo, moja muziki wa hausi tupu nyingine wa gareji, yote ya kuchezea klabu, na hela yangu inatosha moja tu kwa sasa. Napiga harusi, sendoff na jioni za ufukweni upande wa Bangwe. Nipeni sababu jamani sio jina tu.

MzeeWaUjiji
Hausi mdogo wangu. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, inagonga kila pigo, shangazi anacheza na mtoto anacheza, na ndivyo ilivyokuwa tangu Chicago mwanzoni mwa miaka ya 80 DJ Frankie Knuckles akiwa pale klabu ya Warehouse. Halafu amapiano unayopiga kila wiki iko kama mapigo 112 hadi 115 kwa dakika, hausi nyingi ni 120 hadi 128, unapandisha taratibu watu hawashtuki. Gareji ni 130 na kitu, ukiingia ghafla wanarudi kukaa.

binti_mwandiga
Shikamoo mzee, ila kwa hilo la kurudi kukaa nakataa. Watu hawa hawa wanacheza singeli inayopita 200, wataogopaje 132? Gareji ya London kiki inaruka, pigo la pili na la nne mara nyingi halina kiki, besi ndo inajaza pale na haiheti, yale matoazi madogo, zinayumba yumba, kwa hiyo kunabaki nafasi ya mtu kuongea. Ndo maana kule ma-emsii waliishika wakachana juu yake mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoka grime, muziki wa kuchana wa London. Na sherehe gani ya Kigoma haina MC?? Mpe MC wako vesheni ya dab isiyo na vokali uone, mimi huu muziki naupenda kwa sababu hiyo moja tu.

MzeeWaUjiji
Marahaba binti. Hapo kwa MC umenigusa kwa kweli.

reli_ya_kati
Kaka Fundi unatumia spika gani? Hilo ndo swali. Besi ya gareji inakaa chini sana, kama unakodi zile za honi bila sabufa utabaki na haiheti zinalia tu na wimbo utaonekana mtupu, hausi hata spika mbovu kiki yake inasikika.

Fundi_Gungu
Sabufa ninazo mbili za inchi 18 ila sio kila kazi naenda nazo, za ufukweni mara nyingi nakodi.

reli_ya_kati
Basi ufukweni hausi, ukumbini gareji. Na si lazima EP nzima, kwenye Bandcamp, ile tovuti ya kuuza muziki, lebo nyingi zinauza wimbo mmoja mmoja, sikiliza zote kwanza ndo ununue. Ukinunua unachagua faili, wimbo wa dakika 6 WAV ni kama MB 60 na MP3 ya 320 ni kama 14, kwa bando chukua MP3. Subiri zile Ijumaa zao maalum walizoanza Machi 2020, siku hizo hawachukui mgao wao wa asilimia 15, hela nyingi zaidi inafika kwa lebo, na lebo ndogo inaishi kwa hiyo hiyo.

Fundi_Gungu
Asanteni sana. Nachukua mbili za hausi zenye intro ndefu na dab moja ya gareji, MC wangu nimeshamtumia asikilize.

binti_mwandiga
Mwambie asiongee mpaka besi iingie.