Peugeot 404 iliyoliwa na kutu: nianze na vizingiti au na sakafu?

Mleta uzi, Lubumbashi

Ndugu wajumbe, nawasalimu wote. Naomba ushauri wenu kuhusu Peugeot 404 ya mwaka 1968 ambayo marehemu baba mkubwa aliiacha chini ya mwembe, na ambayo familia imekubaliana niifufue hapahapa uwanjani, kwa kuwa hakuna kati yetu anayeweza kulipia garaji kwa miezi mingi mfululizo. Injini haijakwama, gia zinaingia na vioo vyote ni vizima. Tatizo ni bati. Nilipoondoa mazulia nilikuta sakafu ya upande wa dereva imetoboka kiasi cha kuona ardhi, vizingiti vya chini ya milango vinamomonyoka vikiguswa kwa bisibisi, na ndani yake kumejaa vumbi jekundu lililogandamana na majani yaliyooza.

Fundi mmoja wa mtaani alikuja akalitazama gari, akaniambia nisijisumbue: atapitisha brashi ya waya, atabandika vipande vya bati la paa penye matundu, atajaza mastiki, kisha atapuliza rangi, na kazi yote itaisha kabla mvua hazijarudi. Bei yake inavutia, sikatai. Ila nimeona magari aliyoyatengeneza kwa njia hiyo. Mvua za mwaka mmoja tu zikipita, rangi huvimba na kutu hutokea upya palepale.

Kwa hiyo nauliza: nitajuaje kama gari hili bado linafaa kuokolewa, kabla sijaanza kununua chochote? Nikate nini kwanza, vizingiti au sakafu? Na je, vipande vidogo kama bawaba na vishikizo vinaweza kuondolewa kutu bila mashine kubwa, ikizingatiwa kwamba umeme mtaani kwetu huja na kuondoka bila taarifa? Mashine ya kuchomelea niliyo nayo ni ile ya kawaida ya kutumia fimbo.

Fundi bati, Katuba

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa pesa. Kwanza uelewe umbo la gari lenyewe. 404 haina chasisi ya pekee kama Land Rover ya zamani, ambayo unaweza kuinua bodi ukaiweka kando na fremu ikabaki chini. Mwili wake wote ndio fremu. Vizingiti, sakafu na mihimili ya chini hubeba uzito kwa kushirikiana, kwa hiyo kizingiti kilichooza si dosari ya sura, ni mfupa uliovunjika. Mastiki haibebi chochote, na hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Bati la paa ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi mweupe ambao humletea mchomeleaji homa usiku ule ule.

Ili ujue hali yake, funga milango yote, weka jeki mahali pagumu upande mmoja, inua polepole huku ukitazama nafasi kati ya mlango na nguzo. Nafasi ikibadilika waziwazi, au mlango ukikataa kufunguka, mwili umelegea. Funga sumaku ndogo ndani ya kitambaa uipitishe kwenye bati lote. Isiposhika, kuna mastiki ya zamani chini ya rangi. Halafu fungua boneti ukague kwa subira pale juu ambapo springi za mbele zinaegemea. 404 ina springi za mbele za mtindo wa MacPherson, yaani springi na shokomzoba vimeungana kama nguzo moja iliyosimama, na nguvu nyingi za gurudumu zinapanda kwenye bati la hapo. Sakafu iliyotoboka inatengenezeka, kizingiti kinatengenezeka. Lakini kama hapo juu pameoza pande zote mbili, mimi ningetafuta bodi nyingine na kulifanya hili kuwa la vipuri, hata kama familia itanuna.

Likipita mtihani huo, anza na vizingiti, tena upande mmoja kwa wakati. Usitoe milango, kwa sababu ndiyo kipimo chako cha kujua kama mambo yamekaa sawa. Kabla ya kukata, chomelea bomba za mraba ndani ya gari, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya kati na kutoka upande hadi upande, ili mwili usikunjike. Uzito uegemee kwenye ekseli na mihimili, kamwe usiegemee kwenye kizingiti unachotaka kukikata, na chini ya stendi zinazoshikilia gari uweke mbao nene, maana udongo wa uwanjani huzama. Sakafu ifuate baadaye. Ukikata vyote kwa pamoja utabaki na gari lisilo na mgongo, na hutaijua tena sura yake ya awali.

Nunua bati jeusi, lisilopakwa zinki, la milimita 1 kwa sakafu na 1.2 hivi kwa vizingiti. Mashine yako ya fimbo hutoboa bati hilo kwa urahisi, kwa hiyo kodisha MIG ya gesi, ile mashine ya kuchomelea inayojilisha waya mwembamba, kwa siku chache wakati vipande vyote vimekwisha kukatwa na kujaribiwa. Jenereta ndogo ya kuwashia taa haitaiendesha, basi uliza mapema. Choma nukta moja hapa, nyingine mbali nayo, uache bati lipoe. Ukivuta mstari mrefu mfululizo, bati litapinda. Chomoa waya za betri kwanza.

Kijana wa Ruashi

Wazee wangu, mbona mnalifanya jambo kuwa gumu? Hapa kwetu tindikali ya salfuriki si kitu cha kutafuta mbali. Malori yanaipitisha kutoka mpakani Kasumbalesa kwenda migodini. Mtu akipata kiasi kidogo, akaipunguza kwa maji na kuimwagia sehemu zote za chini, kutu itakwisha asubuhi moja bila umeme wowote.

Mwalimu wa kemia, Goma

Mdogo wangu wa Ruashi, niruhusu nikupinge kwa heshima. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo tunaijua tindikali: gesi ya salfa ya volkano huchanganyika na mvua, na mabati ya paa huliwa mapema. Tindikali ya salfuriki haichagui. Ikimaliza kutu inaendelea na chuma chenyewe, na ikipenya kwenye mikunjo ambapo mabati mawili yamebanana, hakuna maji yatakayoisafisha yote, nayo itaendelea kula chini ya rangi mpya. Hiyo ya migodini, kabla ya kupunguzwa, huunguza ngozi na kupofusha macho. Uwanja wa nyumbani si mahali pake.

Mleta uzi, kwa vipande vidogo tumia umeme wa betri. Jaza maji ndoo ya plastiki, uyeyushe soda ya kufulia, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4. Usitumie chumvi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini. Kipande chenye kutu kifungwe kwenye upande hasi wa chaja ya volti 12, na upande chanya uunganishwe na kipande cha nondo ya kawaida, vyote vikiwa majini bila kugusana. Usiweke chuma kisichoshika kutu upande chanya, maana hutoa kromu yenye sumu. Kutu italegea, nawe utaimalizia kwa brashi. Kazi hii hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo ifanyike nje, mbali na jiko la makaa na sigara. Springi na boliti ngumu usizitie humo, kwani hidrojeni huweza kuzifanya zivunjike ghafla. Kukatika kwa umeme kusikutishe: betri ya gari inayochajiwa na paneli ya jua inatosha kabisa.

Kwa bati kubwa lisilotoboka, baada ya brashi ya waya, dawa yenye tindikali ya fosforiki itageuza kutu iliyobaki kwenye vishimo kuwa fosfati. Fuata maelezo ya kopo.

Mleta uzi, Lubumbashi

Nawashukuru sana, wazee wangu. Leo nimefanya kama Papa wa Katuba alivyoagiza. Nafasi ya mlango wa kushoto ilisogea kidogo tu, na bati linaloshika springi za mbele ni gumu pande zote mbili, lina kutu ya juujuu peke yake. Sumaku imekataa kushika kwenye kingatope cha nyuma cha kulia, jambo ambalo sikulitarajia. Swali lililobaki ni la rangi: nikishachomelea, nina muda gani kabla kutu haijarudi?

Mama wa Likasi

Huna muda, mwanangu. Bati lililosuguliwa likaachwa wazi huanza kubadilika rangi ndani ya siku chache, na mvua zikianza ni usiku mmoja. Sugua sehemu ndogo, ipake rangi ya msingi ya epoksi siku ile ile, kisha uende nyingine. Kazi ya kupaka rangi uifanye saa za mchana: usiku wa Juni na Julai huku Katanga baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na epoksi haigandi vizuri katika baridi hiyo. Rangi ya zamani usiisugue ikiwa kavu, kwa sababu rangi za miaka ile mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi yenye sumu. Lowesha msasa, na uwaondoe watoto.

Vizingiti vipya viachie matundu ya kutolea maji upande wa chini, halafu upulizie nta ya kuzuia kutu ndani yake baada ya rangi. Lile vumbi jekundu ulilolikuta liliziba matundu ya zamani, likabaki na unyevu wa kila mvua. Gari lenyewe lina haki ya kushughulikiwa hivyo: 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, kwenye tope na mashimo kama ya kwetu.

Fundi bati, Katuba

Nimefurahi kusikia habari za springi. Hicho kingatope cha nyuma kisikuhangaishe sasa, kiache hadi vizingiti vikamilike. Ila tangi la petroli ulishushe leo, kabla ya cheche ya kwanza, ulipeleke mbali na uwanja. Hata likiwa tupu kwa miaka mingi, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Tundu lake usilichomelee wewe. Mpe fundi wa rejeta, atalijaza maji kwanza.