Mjadala: Je, shabiki anayechora mhusika wa mtunzi mwingine na kuuza ni mwizi?

Ndugu wanajamvi, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo limewagawa wachoraji wetu tangu maonesho ya katuni na michezo ya kompyuta yaanze kuvuta watu katika miji ya Afrika Mashariki. Mchoraji kijana hulipia meza, akatandika stika, mabango na fulana zenye sura za wahusika wa anime, yaani katuni za video za Kijapani, na jioni akarudi nyumbani na fedha ambayo kazi alizobuni mwenyewe hazijawahi kumpa. Tulipolizungumza suala hili, kaka mmoja aliyefanya kazi ya ubunifu wa michoro kwa miaka mingi alisema kijana huyo ni mwizi, na hana tofauti na anayerudufu filamu za watu na kuziuza kwenye kituo cha daladala. Namheshimu sana kaka huyo, lakini katika hili sikubaliani naye.

Nianze na pale aliposema kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamwachia mtunzi peke yake uamuzi wa kuruhusu kazi yake ibadilishwe na kutengenezwa upya, na sheria za nchi nyingi zinasema hivyohivyo. Japani, walikozaliwa wengi wa wahusika hao, mtunzi naye analindwa na sheria. Hata hivyo, ni katika nchi hiyo ambako tarehe 21 Desemba 1975 vikundi 32 vya wachoraji na watu wapatao 700 walikutana Tokyo kwa ajili ya vijitabu vilivyochapishwa na mashabiki wenyewe, viitwavyo dojinshi. Soko hilo, Comiket, sasa hufanyika mara mbili kwa mwaka, na Agosti 2019 mahudhurio yake ya siku nne yalipita 700,000. Sehemu kubwa ya vijitabu vyake hutumia wahusika wa watu wengine. Waandaaji hawapendi hata kumwita mtu mteja, kwa kuwa kwao anayeuza, anayenunua na anayepanga meza wote ni washiriki.

Kinachowezesha hali hiyo ni kwamba, kwa kawaida, mashtaka ya aina hii Japani hayafunguliwi mpaka mwenye haki alalamike, na wenye haki wengi huamua kunyamaza kwa sababu wanajua faida wanayoipata. CLAMP, kundi la akina mama ambao leo ni miongoni mwa watunzi maarufu wa manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, lilianza katika miaka ya 1980 kwa kutengeneza dojinshi. Mtunzi Ken Akamatsu, alipohofia kwamba mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki, TPP, ungefungua mlango wa mashabiki kushtakiwa bila mtunzi kulalamika, alishiriki mwaka 2013 kuanzisha alama maalumu ambayo mtunzi huiweka kwenye kazi yake kutangaza kwamba anaruhusu itolewe dojinshi. Mabadiliko ya sheria yalipoanza kutumika mwishoni mwa 2018, kazi za mashabiki za namna hiyo ziliachwa nje ya kifungu kile kilichohofiwa. Huyu ni mtunzi aliyekuwa na mali ya kulinda, na bado akachagua kuwalinda wanaomwiga.

Uvumilivu huo una mpaka wake, na kesi ya Doraemon, manga ya paka roboti, inauonesha vizuri. Mtunzi wake, Fujiko F. Fujio, alifariki mwaka 1996 bila kuandika mwisho wa hadithi yake. Mwaka 2005 shabiki mmoja akauchora mwisho huo kwa mkono uliofanana mno na wa marehemu, nakala zaidi ya 10,000 zikauzwa, na wapo wasomaji walioamini kwamba huo ndio mwisho wenyewe. Shirika la uchapishaji la Shogakukan lililalamika, na mwaka 2007 mchoraji aliomba radhi na kulipa sehemu ya mapato. Kwa maoni yangu yaliyomponza ni mawili: wingi wa nakala, na kazi yake kukaa mahali pa kazi ya asili hata watu wakashindwa kuzitenganisha. Kijana mwenye stika 40 mezani hajafika huko.

Marekani suala hili lilifika mahakamani. Mwishoni mwa 2015 kampuni za CBS na Paramount, wenye haki za Star Trek, hadithi ya safari za anga za juu inayooneshwa kwenye televisheni na sinema, zilishtaki watengenezaji wa filamu ya mashabiki iitwayo Axanar, ambayo ilikuwa imechangiwa zaidi ya dola milioni 1. Justin Lin, ambaye wakati huo alikuwa akiongoza filamu rasmi ya Star Trek, aliwatetea mashabiki hadharani. Shauri lilimalizwa kwa maelewano Januari 2017, lakini tangu Juni 2016 studio zilikuwa zimeshatoa masharti: kisa cha shabiki kisizidi dakika 15, au 30 kikiwa na sehemu mbili, michango isizidi dola 50,000, na wanaoshiriki wasilipwe. Naona masharti hayo ni makali, hasa hilo la kutolipwa, ila yameandikwa na kila mtu anajua anakanyaga wapi.

Tusiseme pia kwamba haya ni ya wageni. Washairi wetu wana takhmisa, ambapo mtu huchukua shairi la mwenzake na kuongeza mistari yake mitatu juu ya miwili ya asili, akapata ubeti wa mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate, anayetajwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, na takhmisa hiyo ni sehemu ya fahari ya fasihi yetu. Jina la Liyongo halikufichwa, na mistari yake ilibaki palepale.

Hoja iliyonipa tabu kweli ilitoka kwa dada mmoja mchoraji wa vibonzo. Alibuni mhusika wake, akachapisha nakala 200 kwa fedha zake, kisha akamkuta kwenye fulana za mtu mwingine kabla hajauza hata nusu. Aliniuliza kama naye ningemwambia avumilie. Hapana, nisingemwambia hivyo. Kampuni kubwa haiyumbi kwa stika 40, lakini kwake yeye fulana zile zilikuwa kodi ya nyumba. Ndiyo maana siungi mkono kanuni moja kwa wote. Naona mhusika wa mtunzi mdogo aliye hai, anayefikika kwa simu, asiguswe bila idhini yake. Kwa wahusika wa makampuni makubwa, shabiki auze alichokichora kwa mkono wake mwenyewe, kwa nakala chache, na amtaje mtunzi wa asili. Anayepakua picha mtandaoni na kuichapa kwenye fulana hajachora chochote, na huyo simtetei.

Bado sijajua idadi ya nakala chache iishie wapi, 50 au 300, na waandaaji wa maonesho wanahitaji jibu kabla ya kugawa meza. Namwomba kaka yangu aliyesema ni wizi atusaidie hapo, na atueleze pia kama wakati anajifunza kuchora alianza na wahusika wake mwenyewe.