MREJESHO: Niache kazi au nibaki, mtoto ana miezi mitano?

Wapendwa, nilieleza kuwa nimerudi kazini na bosi ananitaka niwepo mpaka saa kumi na moja jioni, huku mtoto bado ananyonya. Sijaacha kazi.

Mlionishauri niandike barua badala ya kwenda kulia mbele ya bosi, Mungu awabariki. Sikuomba huruma, nilipendekeza ratiba: niingie saa moja asubuhi, nitoke saa tisa, Ijumaa nifanyie kazi nyumbani, tujaribu miezi mitatu. Nikataja pia Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, unaosema mapumziko ya kunyonyesha yahesabiwe kuwa muda wa kazi na yalipwe.

Saa wamekubali, Ijumaa wamekataa.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni kukamulia maziwa chooni. Hakuna mama anayestahili hilo. Sasa tumepewa stoo ndogo, mlango unafungwa kwa ndani, na friji ipo. Wenzangu wawili wameshaanza kuitumia.

Baba mtoto naye ameomba abadilishiwe zamu (malezi si ya mama peke yake!). Bado hajajibiwa.