Daktari kasema binti yangu ana XP (xeroderma pigmentosum), seli zake hazijitengenezi zikipigwa na jua. Naomba kueleweshwa

Baba wa Wawili (Unguja)

Asalam aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka minne na nusu. Alizaliwa safi kabisa, mweusi wa kung'aa kama bibi yake. Alipofika miaka miwili mashavu yakaanza kutoka vidoadoa vyeusi, vidogo kama mtama, vikashuka mikononi, vikakomea pale mkono wa gauni unapoanzia. Chini ya nguo ngozi yake ni laini mpaka leo.

Kilichotupoteza ni kwamba haungui. Sikukuu ya Mwaka Kogwa tulishinda naye Makunduchi kutwa nzima na akarudi hana lengelenge hata moja. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua. Akitoka kibarazani anayafumba, machozi yanamtiririka, anajifunika kanga ya mamaake.

Majirani waliosema hasadi walikuwepo, waliosema "zeruzeru nusu" walikuwepo. Hospitali ya kwanza ikatupa dawa ya fangasi, tukaipaka mwaka mzima. Halafu puani kikatoka kipele kisichopona, kila akikigusa kinatoa damu. Kikakatwa, kikapimwa: saratani ya ngozi. Kwa mtoto wa miaka minne!

Daktari wa ngozi tuliye naye sasa ndiye aliyeandika XP. Akaniuliza kama mimi na mke wangu tuna udugu. Nikamwambia ni mtoto wa ami yangu, bibi yetu mmoja, katokea Ngazidja huko Komoro. Akanyamaza, akaandika. Toka siku hiyo usingizi sina. Jua linamwingiaje mtoto mweusi hivi? Ni sisi tuliomdhuru? Na mdogo wake ana miezi mitano.

Mwalimu wa Baiolojia (Mombasa)

Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole sana. Hamkumdhuru. Nitaeleza taratibu, maana hili nimelisomesha miaka mingi na bado linanigusa.

Miale ya urujuanimno (UV) ya jua ikipenya kwenye seli ya ngozi, inagonga DNA, zile nyuzi mbili zilizobeba maagizo ya mwili kwa herufi nne: A, T, G na C. Mahali ambapo herufi mbili za T zimekaa jirani kwenye uzi mmoja, zinashikamana. Pale panatokea kinundu, na mashine inayonakili DNA ikifika hapo inakwama au inakosea. Hili linatupata sote, wewe na mimi, kila tunapotoka nje. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, ni mwavuli tu. Inapunguza miale inayoingia, haigusi kilichokwisha haribika.

Kutengeneza ni kazi ya protini. Ile iitwayo XPC hupita ikikagua uzi na kusimama kwenye kinundu. Nyingine huja zikaachanisha nyuzi mbili za DNA, nyingine zikathibitisha kweli pameharibika, kisha mbili zinakata, moja kila upande. Kipande cha herufi 30 hivi kinatolewa chote, kama fundi wa mikeka anavyotoa miyaa iliyooza na kusuka mipya akifuata iliyobaki. Uzi wa pili ambao ni mzima ndio unaosomwa ili pengo lijazwe, mwisho panaungwa. Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur huko Uturuki, ndiye aliyefumbua hatua hizi, akapewa Nobeli ya kemia ya mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Kwamba wagonjwa wa XP wanakosa kazi hii, James Cleaver alishalionyesha mwaka 1968.

Ukikosa protini mojawapo katika hizo, vinundu vinabaki, makosa yanarundikana, na saratani inakuja utotoni. Wanaokosa XPC mara nyingi ndio hao wasioungua, kwa hiyo mzazi haoni dalili ya hatari. Lakini kwa kawaida ubongo wao unasalimika, kwa sababu jeni zinazotumika, yaani vile vipande vya DNA ambavyo seli inavisoma, zina mkaguzi wa pili: mashine inayozisoma ikikwama, inaita mafundi yenyewe. Usimwambie mamaake kwamba mtoto ana aina hiyo mpaka kipimo kitoke. Nataka tu mjue kwamba XP si moja.

Ngazidja nadhani daktari aliiandika kwa sababu hii: mwaka 2011 watafiti walieleza badiliko moja la jeni ya XPC kwa wagonjwa weusi wa Maore, kisiwa cha hukohuko Komoro, ambako XP ilionekana kwa wingi kuliko popote palipojulikana. Mtu mwenye nakala moja mbovu haumwi chochote. Bibi yenu huenda alikuwa nayo na akaishi miaka yake yote bila kujua. Nyinyi wawili mkiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kuwa na XP. Huyo mdogo naye apimwe, na mpaka majibu yatoke mfunikeni kama dada yake.

Mama Kijana (Moshi)

Baba, shikamoo kama umenizidi umri. Wangu ana miaka 11, tuligundua akiwa na mitano. Kabla ya hapo alishakatwa vidonda tisa. Toka tuanze kumfunika, viwili.

Vioo vya dirisha visikudanganye, vinapitisha sehemu kubwa ya miale. Waite mafundi wa tinti, omba karatasi isiyo na rangi inayozuia urujuanimno, weka kila dirisha analokaa karibu nalo. Taa za tyubu toa, weka LED. Nje avae mikono mirefu, glavu, kofia ya pama na miwani inayofunika pembeni. Mafuta ya jua mimi natumia Kilisun, yalianza kutengenezwa KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, kwa ajili ya wenye ualbino. Ndugu zetu hao nao usiwaite hilo jina walilotumia majirani, na ugonjwa huu si wao: wanakosa mwavuli, mafundi wa kutengeneza DNA wanao.

Kila mwezi mpige picha uso, masikio, midomo, mbele ya ukuta uleule, saa ileile. Kipele kipya utakiona kikiwa kidogo. Macho yaangaliwe na daktari wake, usingoje. Vitamini D umuulize daktari, kwa kuwa jua halipati. Na mpira anacheza! Baada ya magharibi, na watoto wa mtaa wameshazoea kumngoja.

Baba wa Wawili (Unguja)

Mwenyezi Mungu awalipe. Nimemsomea mamaake maelezo yote, ya mwalimu tumeyarudia mara mbili. Amelia, kisha akaniuliza fundi wa tinti yuko wapi. Tyubu za ukumbini nimezitoa jana. Ustadhi wa chuo amekubali binti aje baada ya isha, atamsomesha peke yake mpaka wenzake waweze kuhamia usiku.

Damu ya sisi wanne imechukuliwa leo, majibu ni wiki kadhaa. Mdogo wake nimempiga picha ya kwanza asubuhi hii, ukutani karibu na kabati. Mashavu yake yote mawili ni safi.