Kaka yangu hunijibu kwa methali kila nikimpelekea jambo zito, nifanyeje?

Wakuu, naombeni ushauri. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilea na namheshimu sana. Tatizo, nikimpelekea jambo zito ananipa msemo na mazungumzo yanaishia hapo. Nilimwambia nataka kuacha kazi nifungue biashara, akasema "haraka haraka haina baraka", basi. Nilipomweleza kuwa narudia mtihani wa uhasibu, akanitumia picha ya Einstein yenye maneno kwamba kichaa ni kurudia jambo lile lile ukitegemea matokeo tofauti. Yaliniuma. Nikimjibu nitaonekana sina adabu, nikinyamaza nitaonekana nimekubali. Nawasilisha.

Mwanagenzi: Mkuu, mbona dawa unayo? Akisema haraka haraka, mwambie "ngoja ngoja huumiza matumbo". Methali nyingi zina mwenzake wa kuzipinga.

Bi Tulivu: Mwanagenzi, hapo unampoteza mwenzio. Watajibishana methali mpaka usiku na suala la kazi libaki pale pale. Ila kuhusu kupingana umesema kweli. Kwenye Biblia, Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na aya ya 5 inaagiza ajibiwe hivyo hivyo. Zimewekwa bega kwa bega kwa sababu kuna siku ya hii na siku ya ile, na kazi ya mwenye busara ni kujua leo ni ipi. Methali haijui akiba yako wala wateja wako. Kwa hiyo mkiwa wawili tu, muulize kwa adabu: "Kaka, haraka umeiona wapi hapa?" Kama ameona kitu atakitaja. Kama hajaona, itabidi akae afikirie.

Darubini: Einstein alifariki 1955, na maneno hayo hayajapatikana katika maandishi yake. Yalianza kuchapishwa miaka ya 1980. Hata yangekuwa yake, hayakuhusu: anayesoma upya ndipo akarudi kwenye mtihani harudii jambo lile lile. Lakini usimsahihishe mbele za watu.

Mama wa Wawili: Mnamwona huyu kaka kama adui. Wakubwa wengi wakiulizwa jambo wasilolijua, methali huwasitiri. Amekulea, anaogopa uanguke. Mwambie wazi umemwendea kwa lipi: ushauri, baraka au mtaji?

Mleta uzi: Asanteni sana. Ninachotaka kwake ni baraka, mtaji ninao. Bi Tulivu, akinijibu kwa methali nyingine je?

Bi Tulivu: Mwombe mfano. Nani anayemjua aliharakisha akaanguka, na nini kilimwangusha? Hapo ndipo utapata ushauri wenyewe, maana wakubwa wana visa vingi kuliko methali. Na mtihani usisubiri jibu lake, jisajili kabla muda haujafungwa.