MREJESHO: Yule nzi aliyekamata nyuki kwenye mkorosho

Wakuu, niliwauliza jina la nzi mrefu mwenye ndevu niliyempiga picha huku Nanyamba, kamkumbatia nyuki wangu. Ahsanteni kwa majibu.

Familia haina ubishi: Asilidae, yaani nzi wanaowinda wadudu wengine. Utosini, katikati ya macho, pana kibonde, na usoni pamesimama kishungi cha nywele ngumu. Ngoma nzito inaanzia hapo. Familia hii ina spishi zaidi ya 7,000, na nyingi kwenye picha ya simu hazitofautiki. Mdau mmoja aliniambia nikuze bawa aone kama mishipa miwili ya ukingo wa mbele imeungana au imeacha uwazi. Bawa lenyewe limekunjwa mgongoni, na jua la saa saba limelifanya jeupe pee! Hata lingeonekana, lingetupa kundi tu. Spishi mara nyingi huamuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, na huyu, kwa ncha ya tumbo ilivyochongoka, anaelekea kuwa jike.

Waliotaja jina kamili kwa rangi ya miguu, mniwie radhi, sijalichukua. Nimeandika "Asilidae, jike?", mahali, tarehe na mawindo yake.

Mzinga uko salama. Nzi huyu anakamata nyuki mmoja mmoja, anamdunga mate yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha anafyonza. Dume nikimpata namtia kwenye spiriti. Mwenye hadubini Mtwara mjini anistue.